Mjukuu aliletwa kwangu kuachishwa ziwa, akakaa miaka mitatu. Uzi wa mabibi na waliolelewa na bibi

Bibi wa Muheza

Habari za jioni wanajamvi. Mlionizidi umri shikamooni, na wadogo zangu marahaba.

Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya kwa muda mrefu. Mijadala ya malezi naiona ni ya baba na mama tu. Bibi akitajwa, ni yule anayedekeza watoto au anayelazimisha kichanga kinyweshwe maji. Leo nimeona nianzishe wa kwetu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Niliingia kazini mwaka 1977, mwaka ule wa Elimu ya Msingi kwa Wote, tukafundisha wengine chini ya miembe kwa kuwa madarasa hayakutosha. Nikastaafu 2015. Sasa nipo nyumbani Muheza na michungwa yangu michache na kuku. Nina wajukuu saba, nawapenda wote, lakini nataka kumsema mmoja.

Binti yangu wa mwisho anafanya kazi Dar. Alipojifungua alipewa siku zake 84 za likizo, zikaisha, akarudi ofisini, mtoto akabaki na dada wa kazi. Mchana wote mtoto hamwoni mama, kwa hiyo usiku alikuwa anafidia. Ananyonya mpaka alfajiri, na mama saa kumi na moja anatakiwa awe barabarani. Miaka miwili ilipotimia akasema sasa basi. Wakapaka shubiri, mtoto akalamba, akakunja uso, akaendelea kunyonya. Mtu akamshauri pilipili, akakataa, na mimi nilimuunga mkono. Ikabaki dawa ya wazee wetu: mtoto apelekwe kwa bibi.

Walishuka stendi Ijumaa. Jumapili mama akaondoka na basi la alfajiri, mtoto amelala. Usiku uliofuata sitausahau. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nilimbeba mgongoni tukazunguka uani tangu saa nne, mbwa wa jirani wakachoka kutubwekea. Kwenye saa tisa hivi akanyamaza, akakamata pindo la kanga yangu, akalikunja, akalitia mdomoni, akalala. Ilikuwa kanga ya bluu yenye korosho. Kuanzia hapo ikawa ni hiyo tu, nyingine hazitambui. Nikiifua, anakwenda kukaa chini ya kamba mpaka ikauke.

Ziwa alilisahau kwa siku nne. Makubaliano yalikuwa akae wiki tatu. Akakaa miaka mitatu.

Niwaeleze raha yake. Nikikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, yeye anachuchumaa mbele ya sinia, mkono mmoja nyuma mgongoni kama askari, mwingine unasubiri. Nikikwangua mara tatu, ya nne ni yake. Tulifikia mahali hatusemezani, mkono wangu unajua wenyewe. Nikishakamua tui kwenye kifumbu, machicha anawapelekea kuku, naye huwagawia kwa haki, akimtaja kila mmoja jina. Nilikuwa "mke wake". Babu yake alikuwa hai bado, na wale wawili waligombania kiti cha pembeni yangu kwa utani wa kweli kweli, mzee anasema "huyu nimemtolea mahari", mtoto anajibu "na mimi nimemletea kuni".

Usiku vitendawili. Cha kwanza kumfundisha kilikuwa nyumba yangu haina mlango. Kutwa nzima anaokota mayai, jioni ananiambia hajui. Nikamwambia basi nipe mji. Akanipa Dar, ndio mji anaoujua. Nikasema, "Nimekwenda Dar, nikafika kwa mama yako, nikamkuta jikoni anakaanga... yai!" Nilitegemea acheke. Akakaa kimya, halafu akauliza, "Amevaa nguo gani?"

Ikabidi nimvalishe mama yake gauni pale pale, la njano, na ndala. Tangu siku hiyo kila usiku vinamshinda vitendawili vyote, hata vile anavyovijua, ili anipe Dar. Nimekwenda Dar mara nyingi sana miaka ile bila kupanda basi.

Alipofikisha miaka mitano wakaja kumchukua aanze darasa la awali. Ndiyo haki yake na ndiyo haki ya mama yake, sikusema neno. Basi lilipoondoka nikarudi nyumbani, nikakuna nazi. Nilipofika ya nne mkono ukaenda wenyewe.

Mtoto aliachishwa siku nne. Mimi mwenzenu bado. Wenye wajukuu na mliolelewa na bibi, nisimulieni ya kwenu.


Mama Pacha

Shikamoo bibi. Nimesoma hapa kwenye daladala machozi yananitoka, konda ananitazama.

Naomba nikuulize kitu maana wewe ni mtu mzima na mwalimu. Nina pacha wa miezi miwili. Mama mkwe amekuja kunisaidia uzazi na kwa kweli ananisaidia: ananikanda, ananipikia uji wa pilipili manga, usiku anampokea mmoja nilale. Lakini nikigeuka tu anawapa maji ya uvuguvugu kwa kijiko. Anasema watoto wana kiu. Nikimwambia kliniki wamesema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, ananijibu mume wako alikunywa maji na yupo hai. Sitaki kumvunjia heshima. Nifanyeje?


Mtoto wa Muleba

Shikamoo mwalimu. Nimefurahi kusoma, na naomba nilete upande mwingine kwa heshima.

Bibi yangu hakuletewa mjukuu wa kuachisha ziwa. Aliletewa wanne kwa mpigo. Mnajua historia ya mkoa wetu wa Kagera, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa kwetu mwaka 1983, na miaka ya 90 hapakuwa na dawa. Baba alifariki 1994, mama 1996. Mimi nilikuwa na miaka saba na ndiye mkubwa. Baada ya maziko watu walitawanyika, bibi akatuingiza ndani, akafunga mlango, akasema, "Haya, nani anajua kumenya ndizi?"

Alikuwa na umri wa kupumzika. Badala yake aliamka kabla yetu kwenda kibanjani, akachuma buni, jioni akasuka mikeka ya kuuza. Penseli alikuwa anaikata katikati kwa kisu, kipande changu, kipande cha mdogo wangu. Wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa wanaokamatwa usiku, alikuwa anatuacha tukeshe nje kama watoto wengine, na sasa ninapokumbuka naelewa kwamba ule ndio ulikuwa usiku wake wa kulala.

Sikuwahi kumwona analia. Mdogo wangu mmoja alimwona. Anasema bibi alikuwa anakwenda kulia kwenye migomba, mbali na nyumba, kwa sababu alizika watoto wake watatu na hakutaka sisi tuone mwisho wa nguvu zake kabla hatujakua.

Kwa hiyo nikisikia raha ya kuwa bibi, najiuliza yeye aliipata lini. Alifariki 2009. Mimi sasa ni fundi umeme, mdogo wangu ni nesi. Sina pa kumuuliza.


Nyanya wa Nyeri

Salamu kutoka Kenya. Kwanza mnisamehe, huku kwetu mtu akisema "bibi" tunaelewa mke wa mtu, nimesoma kichwa cha uzi mara mbili! Sisi ni nyanya, au cucu kwa Kikuyu, na najua kwenu nyanya huwekwa kwenye mchuzi.

Langu ni fupi. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hiyo mjukuu wangu, binti ya kijana wangu, ana jina langu. Mwanangu akimwita mtoto mezani mimi huitika. Na akimkaripia, ghafla anapunguza sauti, kwa sababu jina alilotaja ni la mamake. Mtoto ana miaka minne na ameshaligundua hilo.


Bibi wa Muheza

Nimesoma zote na nimekaa nazo tangu jana usiku.

Mama Pacha, mwanangu, hongera kwa kujifungua. Nitakujibu kwa kosa langu mwenyewe. Mjukuu wangu wa kwanza nilimpa maji ya sukari akiwa na siku tisa. Nilifanya usiku, nikijua nimekatazwa. Mama yake aligundua, akalia, mimi nikanuna, siku mbili nyumba nzima hatusemezani. Aliyetutoa hapo ni nesi. Binti yangu alinibembeleza nimsindikize kliniki, na kumbe alishasema naye. Yule nesi hakunigombeza. Alinikalisha kwenye benchi akaniambia maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji tayari, kitumbo cha mtoto ni kidogo, kijiko unachompa kinakaa mahali pa maziwa, na maji yetu haya ndiyo yanayoleta kuhara. Akasema, "Mama, wewe ndiye utakayemlinda asinyweshwe na majirani." Nilitoka pale nimepewa kazi. Tangu siku hiyo hakuna jirani aliyemsogelea mtoto na kijiko.

Nenda naye kliniki siku ya kupima uzito au ya chanjo. Mwache yeye ambebe mmoja, na yeye ashike kadi. Aelezwe na mtu asiye mkwewe. Uji wa pilipili manga usimkatalie, ni kwa ajili yako na una raha yake.

Mtoto wa Muleba, baba, sina la kukurekebisha. Umeniuliza aliipata lini nami nitakujibu kama mwanamke aliyezaa. Umesema siku ile alifunga mlango akauliza nani anajua kumenya ndizi. Mtu aliyekata tamaa hasemi vile. Na ule usiku wa senene, mimi siamini kama alilala. Alikuwa anawasikia mnacheka nje. Pole sana kwa wote uliowazika.

Nami nikiri jambo ambalo humu sikulisema. Binti yangu alipokuja likizo moja akamkuta mwanawe amevunja chupa ya chai, ile kubwa, na mimi nafagia vigae huku namuuliza kama hakuungua. Akasimama mlangoni akaniambia, "Mama, mimi ulinichapa kwa kuvunja kikombe."

Ni kweli. Ilikuwa 1984 na alikuwa na miaka minne. Wakubwa mnaikumbuka hali ile: sukari ya foleni, sabuni ya foleni, duka la ushirika rafu tupu. Vikombe vilikuwa viwili ndani ya nyumba na kwa hela yangu ya ualimu ningeweza kununua kingine, lakini hakikuwepo cha kununua. Nilimchapa kwa sababu niliogopa. Nilikuwa na madaftari mia ya kusahihisha na kikombe kimoja. Mtoto hakujua hayo, alijua fimbo.

Nilimweleza pale pale mlangoni, miaka zaidi ya thelathini baadaye. Nikamwomba radhi. Akakaa chini akanisaidia kuokota vigae. Wanaosema bibi anadekeza, naomba waangalie na hili. Chupa ya chai sasa naipata sokoni asubuhi ya kesho yake. Na sina madaftari.


Msomaji wa Eyasi

Shikamoo mwalimu. Hilo la mtoto kuachishwa ziwa kwa bibi limenigusa kwa sababu ya kazi niliyosomea.

Kuna watafiti, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, ambao tangu miaka ya 1980 walifanya kazi na Wahadzabe kule karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe hao waliishi kwa kuwinda, asali, matunda pori na mizizi. Mizizi inachimbwa na wanawake kwa mti uliochongwa ncha, ardhi ni ngumu, mawe matupu, mtoto mdogo hawezi. Watafiti wakapima nani analeta nini kambini, na watoto wanaongezekaje uzito. Wakakuta mabibi, wanawake waliokwisha acha kuzaa, wanachimba kwa saa nyingi kuliko hata wanawake vijana. Na mama akishapata kichanga kipya, muda wake wa kutafuta chakula unapungua, na uzito wa yule mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa unafuata kazi ya bibi, si ya mama tena.

Hawkes na wenzake wakajenga hoja kubwa juu ya hilo: kwamba huenda ndiyo sababu binadamu mwanamke anaishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma, jambo ambalo kwa wanyama wengi halipo. Si wanasayansi wote wanaokubali, mjadala unaendelea. Lakini mama aliyemshusha mtoto stendi ya Muheza na mama wa Eyasi aliyejifungua jana walikuwa wanamkabidhi mtoto mtu yule yule, kwa sababu ile ile.


Bibi Kanga Mbili

Mabibi wenzangu hamjambo. Mimi wangu wako Houston. Nilikwenda miezi mitatu binti alipojifungua. Nilimkanda bafuni kwao kwa maji ya moto ya bomba, taulo badala ya majani, na mtoto nikambeba mgongoni kwa kanga tukatoka nje. Kila tunayepishana naye anatabasamu. Nikarudi. Sasa ana miaka miwili tunaonana kwenye WhatsApp. Anabusu kioo. Mama yake ananiambia wakikata simu anazunguka nyuma ya simu kunitafuta.

Mwalimu, uliyesema mkono ulikwenda wenyewe, nakuelewa mno.


Mjukuu wa Unguja

Kwetu Zanzibar tangu Aprili 2016 serikali ilianza pencheni jamii kwa kila aliyefika miaka 70, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Nataja kwa sababu ya bibi wa Muleba. Bibi yangu aliipanga vizuri sana ile ya kwanza: dawa za presha, unga, na kilichobaki akaninunulia madaftari. Nilikuwa kidato cha kwanza. Nilikasirika, nikamwambia bibi hizi ni zako. Akaniambia, "Nimezitumia nitakavyo."


Mtoto wa Muleba

Asante Mjukuu wa Unguja. Na kwetu pia, pale Nshamba, mwaka 2003 lilianza shirika la Kwa Wazee, likawa linawapa pensheni ndogo mabibi wanaolea yatima. Hela si nyingi, ila kwa mara ya kwanza niliona mabibi wa rika la bibi yangu wanapanga foleni wakiwa wanacheka.

Mwalimu, jibu lako nimempigia mdogo wangu simu nikamsomea. Amesema siku za senene bibi alikuwa anakaa dirishani. Yeye alimwona. Mimi sikuwa najua.


Mama Pacha

Bibi, tumekwenda kliniki leo. Mama mkwe ndiye aliyeshika kadi zote mbili, na amemkatalia shangazi wa mume wangu kijiko mbele ya wageni. Mungu akuweke.


Bibi wa Muheza

Mama Pacha, umenipa siku njema. Msalimie huyo mwenzangu, mwambie yupo Muheza mtu anayemheshimu.

Mdogo wa Mtoto wa Muleba, nawe asante kwa dirisha.

Bibi Kanga Mbili, nami nakuelewa. Nilidhani simu itanisaidia zaidi kuliko ilivyonisaidia. Mwanzoni mjukuu alikuwa hakai, anaonyesha gari la kuchezea, anaonyesha dari, anakimbia. Kilichobadilisha mambo ni jino. Aling'oka jino la kwanza akiwa darasa la kwanza. Alikwishanisikia nikisimulia kwamba jino la utotoni hurushwa juu ya paa, panya alichukue alete jipya. Wanaishi ghorofa ya tatu, hakuna paa la kurushia. Mama yake akamwambia waliweke chini ya mto, akagoma. Alilifunga kwenye karatasi, akaliweka kwenye kopo la kalamu, tangu Juni mpaka likizo ya Desemba. Alipofika hapa hakutaka kula kwanza. Akasimama uani, akarusha. Likateleza kwenye bati likadondoka miguuni pake. Akarusha tena, likarudi. Mara ya tatu nikamshika kiwiko, tukarusha pamoja, likaenda kukaa huko juu mpaka leo. Nikamtazama binti yangu amesimama mlangoni. Meno yake yeye sikumbuki yaling'oka lini wala nani aliyarusha, na najua mwandiko wa mamia ya watoto wa watu. Nikamwuliza. Akasema, "Baba alirusha, wewe ulikuwa shuleni." Hakusema kwa ubaya.

Mzee ametangulia mwaka juzi. Kiti cha pembeni yangu sasa hakina mgombania.

Jana jioni simu ikaita, ni mume wangu mdogo. Hakusalimia vizuri, ana haraka. "Bibi, kitendawili!"

"Tega."

"Ajihami bila silaha."

Kinyonga. Nimelifundisha hili miaka mingi, hata usingizini nitalijibu. Nikafikiri kidogo, nikamwambia limenishinda.

"Nipe mji!"

"Nakupa Dar."

"Dar nipo. Nipe Muheza."

"Haya baba, nakupa Muheza."

Nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi za basi. "Nimekwenda Muheza, nimeshuka stendi, nimefika kwa bibi, nimemkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi..." Hapo akanyamaza. Kinyonga hakumtaja.

"Bibi," akasema, "umevaa nguo gani?"

Nikatazama mapajani. Nikamwambia ni ile ya korosho, nimeifua asubuhi, imekauka.